Radhi Kabla ya Mrija

Wiki ambayo mama yangu alilazwa ICU, nilikuwa nadaiwa sura ya pili ya tasnifu. Sura hiyo ilihusu Utendi wa Mwana Kupona, na swali lake ni lile ambalo yeyote aliyepita darasa la fasihi ya Kiswahili analijua: je, utendi huu unamkandamiza mwanamke, au unamfundisha mbinu za kuishi ndani ya nyumba asiyoitawala? Nilikuwa nimewapanga wahakiki makundi mawili, kila kundi na nukuu zake, nami nimesimama na kundi la pili kwa sababu msimamizi wangu yuko huko. (Nasema kweli.) Kompyuta ilikuwa kwenye mkoba mapajani, nami nimekaa kwenye benchi nje ya mlango ambao kioo chake kimepakwa rangi nyeupe ili tulio nje tusione ndani.

Mama alianza na kikohozi huko Tanga. Akanywa dawa za dukani wiki nzima, kama tunavyofanya wote. Ilipobainika kuwa ni nimonia, mapafu yote mawili yalikuwa yameshaathirika, na alipofika Dar es Salaam kwa rufaa maambukizi yalikuwa yamesambaa kwenye damu. Usiku wa pili daktari aliniita. Kiwango cha oksijeni kinashuka licha ya barakoa, akasema, na mama amechoka kupumua. Itabidi awekewe mrija na mashine ya kupumulia. Mrija huo hupitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, katikati ya nyuzi za sauti. Mwenye mrija hawezi kusema hata akiwa macho, na mara nyingi hulazwa usingizi kwa dawa ili auvumilie. "Kama una neno la kumwambia," daktari akasema, "ingia sasa."

Nilikuwa nalo. Miezi minane kabla ya hapo niliacha ualimu katika shule iliyo jirani na kwetu, nikaja kusoma shahada ya uzamili. Mama hakunikataza. Alisema, "Fanya unavyotaka," na yeyote aliyelelewa na mama wa aina yake atakwambia kwamba hiyo si ruhusa. Tangu siku ile tulikuwa tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja: hujambo, sijambo, mvua huko vipi. Niliingia kuomba radhi. Nilimshika mkono, nikasema "Mama," naye kabla sijaendelea akasogeza barakoa pembeni kwa kidole.

"Daftari liko chini ya godoro. Yule wa mlango wa pili ana elfu nane. Usimwache."

Mama anauza maandazi na vitumbua. Daftari ni la wanaokopa. Nesi akairudisha barakoa mahali pake, nami nikaombwa nitoke.

Usiku ule nilifungua kompyuta pale pale kwenye benchi. Haikuwa bidii ya masomo; simu ilikuwa imekwisha chaji na nilihitaji kitu cha kukitazama. Faili lililokuwa wazi ni la utendi. Ubeti wa pili nimeusoma labda mara hamsini maishani mwangu. Mwana Kupona anamwambia bintiye kwamba maradhi yamemshika hadi mwaka umetimia, na muda wote huo hakupata kutamka neno jema la kumwambia. Kisha anamwita asogee, akae, awe na wino na karatasi. Katika sura yangu mambo hayo yote nilikuwa nimeyapa sentensi moja, chini ya kichwa kidogo kinachosema "Usuli wa Mtunzi".

Hilo, naamini sasa, ndilo kosa kubwa la uhakiki wetu wa utendi huu, na mimi nimo. Tunazijua habari zenyewe. Tunajua kwamba ulitungwa mnamo mwaka 1858, kwamba mtunzi alizaliwa Pate, kwamba mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amefariki miaka michache kabla, na kwamba mtunzi mwenyewe alifariki mnamo 1860. Tunajua binti aliitwa Mwana Hashima. Tunayataja hayo, tunayavua mlangoni kama viatu, kisha tunaingia kwenye maudhui. Alice Werner na William Hichens walipouchapa mwaka 1934 waliupa anwani ya Kiingereza inayosema kwamba ni mawaidha juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo ugomvi wetu wote umekuwa ndani ya uzio wa anwani hiyo. Anayeutetea utendi na anayeushutumu wanakubaliana jambo moja: kwamba ni utendi wa mke. Mimi nauona ni utendi wa mgonjwa.

Neno lililobeba kazi yote ni radhi. Mtunzi anamhesabia bintiye radhi tano ambazo kiumbe hawezi kustarehe bila hizo: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Darasani tunazipita nne mbio mbio kama matangazo ya biashara, tunasimama kwenye ya tano na kuanza kupigana. Sikumbuki hata semina moja iliyokaa dakika tano juu ya ile ya nne, radhi ya mama, ilhali anayesema ni mama na anayesikiliza ni mwanawe.

Ndani ya utendi kuna tukio moja ambalo limenifanya nisiweze tena kuisoma radhi kama mnyororo tu. Mwana Kupona anakumbuka kufa kwa mumewe: faradhi ilipofika, mume yule alimkariria radhi. Kitenzi kile ndicho kilichonishika. Hakumpa radhi mara moja kama mtu anayetia saini. Alirudia, na tena akarudia. Radhi inataka masharti yasiyoandikwa popote. Anayeitoa awe na pumzi na akili zake. Anayeipokea awe karibu kiasi cha kuisikia. Ukikosekana upande mmoja, imekwenda. Mwana Kupona aliiona ikitolewa ipasavyo, tena kwa ukarimu, kando ya kitanda. Sasa zamu ya kitanda ni yake, amekwisha kupoteza mwaka mzima bila kusema, na hajui amebakiwa na muda gani. Kwa hiyo anaitoa mapema, nayo inatoka katika umbo la maagizo.

Ukiusoma hivyo, hata umbo lake linabadilika. Waliofundishwa fani na maudhui, maana yake sote, watasema kwamba utendi unarukaruka: ametoka kwenye dini, ameingia kwenye adabu za kusema na watu, mara yuko kwenye usafi wa nyumba, mara nywele na manukato, kisha dua ndefu ya kuwaombea wanawe na nduguze. Katika rasimu yangu nilikuwa nimeandika kwamba mtiririko wa maudhui "una udhaifu". Kwenye benchi niliujua mtiririko ule. Ndivyo anavyosema mtu asiyejua atakatizwa wapi. Hana nafasi ya kutenganisha la akhera na la elfu nane.

Sisemi kwamba usomaji huu unausafisha utendi. Beti za kumtumikia mume ziko pale pale, na zile za kujitenga na watumwa pia, nami nikizifikia uso unanipata joto. Mama mgonjwa anaweza kumrithisha bintiye jambo baya kwa upendo wote alio nao. Hutokea kila siku, na si katika tenzi tu. Ninachodai ni kidogo. Kabla ya kumhukumu, tusikie anaongea akiwa amelala wapi.

Mama alikaa na mrija siku tisa. Wageni waliruhusiwa mchana na jioni, mmoja mmoja, dakika kumi. Muda uliobaki ulikuwa wa benchi. Pale hakuna anayekuuliza jina, unaulizwa, "Wako kitanda cha ngapi?" Nilikuwa Kitanda cha Nne. Mzee wa Kitanda cha Sita, ambaye mkewe alikuwa ndani wiki ya tatu, ndiye aliyenifundisha kuja na kanga ya kujifunikia na chupa ya chai, na kutokuuliza chochote wakati wa kupokezana zamu. Rafiki yangu mmoja, asiyejua afanye nini kutoka mbali, alinitumia vitabu kwenye simu. Hivyo nikasoma mengi kuhusu watu waliokaa na wagonjwa mahututi, na nilisoma kwa uchoyo, nikitafuta mtu wa kuniambia nifanye nini.

The Year of Magical Thinking cha Joan Didion kilianza kama kimeandikwa juu yangu. Binti yake, Quintana, alilazwa ICU jijini New York mwishoni mwa 2003 kwa nimonia iliyogeuka kuwa maambukizi ya mwili mzima. Tarehe 30 Desemba, Didion na mumewe walirudi nyumbani kutoka kumtazama, na mume akaanguka mezani na kufa. Kitabu ni cha kifo hicho, lakini mimi nilikuwa namfuata binti. Nilimfuata hadi Los Angeles, alikolazwa tena kwa damu iliyovujia kwenye ubongo, na mama yake akanunua kitabu cha kiada cha neva ili aelewe wanachosema madaktari. Alinunua hata nguo za bluu za kama wahudumu wa hospitali, bila kutambua zingeonekanaje. Anasimulia hilo bila kujihurumia, na ni kati ya kurasa ninazoziamini kuliko zote.

Ninaziamini kwa sababu nilifanya vivyo hivyo, kwa bei nafuu. Kufikia siku ya nne nilikuwa nazisoma namba za skrini kabla sijautazama uso wa mama. Oksijeni 91, presha 98 kwa 55, mapigo 118. Niliziandika. Nilimsahihisha nesi kwa sauti niliyojidhania ni ya heshima. Didion anajua kwamba maarifa hayo ni uganga wa aina fulani, hirizi ya msomi. Kitabu chake kina nguvu hasa pale anapojikamata akiivaa. Lakini kuna jambo linalonitenga naye. Yeye ana kiti kando ya kitanda, na kitabu chake chote kimetazamwa kutoka kwenye kiti hicho. Mtu wa benchi haandikiwi mara nyingi. Maarifa ya benchi ni ya kusikiliza viatu, na kujua kwamba godoro likitolewa nje kufutwa, Kitanda cha Pili hawana mtu tena.

Paula cha Isabel Allende kilinikasirisha, nikakimaliza kwa siku mbili. Binti yake aliingia kwenye koma mjini Madrid mwezi Desemba 1991 kwa sababu ya porfiria, na mama akaanza kumwandikia kwenye korido za hospitali: historia ya ukoo, Chile, ndoa, mapinduzi, ili atakapoamka asijione amepotea. Ni mwandishi mwenye kipaji cha hadithi kisichozimika, na hapo ndipo palipo na tatizo. Kurasa kwa kurasa msichana amelala na mama anasimulia, na masimulizi ni mazuri mno. Yanapepea. Nilikuwa nataka kumwambia anyamaze amtazame. Kisha sehemu ya pili inaanza kwa kukiri kwamba Paula hataamka, na sentensi zinapoteza yale manyoya yao. Anabaki mama anayemgeuza mwanawe kitandani, anayemfuta. Paula alifariki Desemba 1992, nyumbani kwa mama yake California. Theluthi ya mwisho ya kitabu ndiyo ningempa mtu aliye kwenye benchi, na ningemwambia aruke kilichotangulia hadi atakapopona yeye.

Bado, hasira zangu kwa Allende zilikuwa na kitu kingine ndani yake. Alikuwa akisema na mtu asiyeweza kujibu, na mimi dakika zangu kumi nilizitumia kufanya hivyo hivyo. "Mama, nisamehe kwa lile la shule." Mashine inasukuma hewa, kifua kinapanda, kinashuka. Ukisema na mtu anayepumuliwa na mashine, kila pumzi inaonekana kama anataka kuanza kukujibu.

Aliyeliandika hilo kwa ujasiri kuliko wote ni Binyavanga Wainaina, katika insha fupi aliyoichapisha mtandaoni Januari 2014 na kuiita sura iliyopotea ya kumbukumbu zake za 2011. Humo anafika kitandani kwa mama yake anayekufa, mwaka 2000, na kumwambia kwamba yeye ni shoga. Anamwambia msomaji waziwazi kwamba mambo hayakuwa hivyo: alikuwa Afrika Kusini, hakuwahi kufika. Wengi waliisoma kama tangazo, na wakati ule, sheria mpya zikitungwa Uganda na Nigeria, haikuwezekana kusomwa vingine. Lakini umbo lake ni umbo la kuomba radhi. Ametunga kitanda, ametunga mkono wa kuushika, ametunga dakika ambazo hakupewa, kwa sababu radhi ya mama haiwezi kuombwa kwenye ukurasa mtupu. Inataka mtu awepo. Wanaosema kwamba insha ile ni ya siasa wamesoma nusu yake. Nikiisoma pamoja na Mwana Kupona, naona mama mmoja anayeharakisha kusema kabla hajanyamazishwa, na mtoto mmoja aliyechelewa miaka kumi na nne na bado akaenda.

Mimi nilikuwa nimewahi. Ndilo lililonisumbua. Nilikuwa nimefika, nimeshika mkono, na nikapewa daftari.

Kuna maandishi mengine ya siku zile ambayo lazima niyahakiki, nayo ni yangu. Kila jioni baada ya kutoka ndani niliandika ripoti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu sitini na kitu. Ni utanzu wenye kanuni kali kuliko utendi. Unaanza na salamu, unamshukuru Mungu, unasema "mgonjwa wetu anaendelea vizuri", unaomba dua, unatoa namba ya kutumia mchango. Siku ya tatu niliandika kwamba hali ni mbaya. Mjomba alipiga simu kabla sijaweka simu chini: futa, bibi yako atasomewa hiyo. Nikafuta. Kesho yake niliandika "mgonjwa wetu anaendelea". Basi. Sikuongeza neno. Ni sentensi sahihi ya Kiswahili. Mtu anaweza kuendelea kwa namna nyingi. Majibu yalikuja yale yale, mikono iliyokunjwa kwa dua, amina thelathini. Saa nne usiku shangazi yangu mmoja, ambaye hakupita darasa la saba, alinipigia.

"Leo hukuandika 'vizuri'," alisema.

Nikamwambia ndiyo, shangazi, sikuandika. Akakaa kimya, kisha akauliza basi la kwanza kutoka Tanga linafika saa ngapi. Asubuhi ile alikuwa kwenye benchi kando yangu na kapu la mihogo ya kukaanga, akamgawia hadi mlinzi. Nimekaa na maprofesa wa uhakiki. Sijaona usomaji wa karibu kama ule.

Mrija ulitolewa siku ya tisa. Sauti ya mama ilirudi ikiwa imekwaruzika, ya mtu aliyeshinda akipiga vigelegele, na iliendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Alipohamishiwa wodi ya kawaida, mzee wa Kitanda cha Sita bado alikuwa pale. Nilimwachia chupa ya chai.

Nyumbani Tanga mama aliomba simu yake, akasoma ripoti zangu zote, kuanzia ya kwanza. Alisoma taratibu, miwani puani, kama anayehesabu maandazi.

"Kwa hiyo nilikuwa nakufa," alisema.

"Ulikuwa unaumwa sana, mama."

"Hapa umesema naendelea. Naendelea wapi?"

Nikaona ndiyo nafasi. Nikakaa chini, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, kwa lile la kuacha kazi na kwa jinsi nilivyokaa miezi ile yote. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri. Nilikuwa na siku nyingi za kuyapanga. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua miwani.

"Radhi unayo, mbona nilikupa siku ile?" Hakukumbuka chochote cha siku ile, baadaye niliuliza, hakukumbuka hata kuingizwa kwenye gari la wagonjwa. "Zile elfu nane ulizichukua?"

Sikuwa nimezichukua.